Hofu ya Vitu vya Uganga katika Habari za Wakilindi

Katika milima ya Usambara, ambayo makao ya wilaya yake ni mji wa Lushoto, hapana habari ya kale iliyoenea kuliko ile ya Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Ngulu akawa mtawala wa Washambaa katika Vugha. Aliyeitia habari hiyo katika maandishi ya Kiswahili ni Abdallah bin Hemedi bin Ali 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyekaa muda mrefu miongoni mwa Wakilindi na kumtumikia Semboja wa Mazinde. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa kwa sehemu katika misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. J. W. T. Allen akakitoa tena kitabu kizima mwaka 1962, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963.

Tangu hapo kitabu hiki kimesomwa zaidi kwa njia mbili. Wanahistoria wametafuta ndani yake nasaba za watawala na mpango wa vita. Wachunguzi wa mila wametafuta orodha ya uganga: dawa za kuwindia, dawa za mvua, dalili za nuksi. Njia zote mbili zina faida, lakini zote zimepita kando ya jambo moja ambalo ndilo uti wa mgongo wa masimulizi. Katika kitabu hiki watu huogopa mara kwa mara. Humwogopa mtoto, huogopa mali iliyo mkononi mwa ndugu yao, huogopa dawa ya mgeni, na mwishowe huogopa utawala uleule uliowahi kuwaponya. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: hofu hiyo yatoka wapi, na huondoka kwa sababu gani? Jibu la kitabu ni kwamba hofu haikai ndani ya kitu. Huingia mahali watu wanapokataa kugawana, na hutoka mahali wanapogawana.

Kabla ya kuyafuata masimulizi yenyewe, yafaa kuangalia lugha ambayo mtungaji aliikuta mkononi mwake. Kiswahili ni tajiri wa majina ya vitu vya uganga. Hirizi huvaliwa mwilini. Kago hulinda shamba au nyumba. Fingo huzikwa ardhini, penye mlango au njia panda. Zindiko hufanywa ili mji au mtu asidhurike. Tego hutegwa ili limnase mzinzi au mwizi. Talasimu huandikwa. Kila jina latueleza kazi ya kitu na mahali pake. Hapana hata moja linalosema kwamba kitu chenyewe ni kiovu kwa asili yake. Laana, neno lililotoka katika Kiarabu, hutoka kinywani mwa mzazi au mkubwa na kumwangukia mtu. Ni shida kuona Mswahili akisema kwamba chungu au mkuki umelaaniwa. Neno lililo karibu zaidi ni nuksi. Lakini nuksi nayo ni hukumu ya baadaye: jambo baya hutokea kwanza, kisha watu hutazama nyuma na kutafuta kilichokuwapo.

Neno dawa laonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Dawa huponya na dawa huua, na Kiswahili hakikuona haja ya kutenga maneno mawili. Tofauti kati ya uganga na uchawi haiko katika mzizi, wala katika pembe ulimotiwa. Iko katika mkono unaoishika na nia ya mwenye mkono. Mtu akitaka kujua kama kitu fulani ni cha kuogopwa, lugha humrudisha kwa watu: ni cha nani, alikipata kwa nani, na ana ugomvi na nani. Mtafsiri anayeyakusanya maneno haya yote chini ya neno moja la kigeni lenye maana ya ushirikina huwa amelifuta swali ambalo mtungaji alitaka liulizwe.

Abdallah bin Hemedi aanza na mtoto. Mbegha aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kwa hiyo alikuwa kigego. Neno hilo lahusiana na gego, yaani jino, na ubaya wake wajulikana katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Katika desturi za kale mtoto kama huyo aliuawa au kutupwa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba akikua atawamaliza jamaa zake. Hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo kitabu chadai msomaji makini. Kigego ni mtu, lakini amefanywa kuwa kitu. Hakutenda jambo lo lote. Hana nia, hana neno alilolisema, hana dawa aliyoizika. Jino limetoka upande usiotazamiwa, na kuanzia siku hiyo mwili wake wasomwa kama fingo iliyozikwa katikati ya nyumba.

Mbegha hakuuawa. Alilelewa, akakua, akawa mwindaji hodari mwenye uganga wa kuwindia na mbwa wake. Wazazi wake walipokufa, jamaa walimnyima haki yake katika urithi, na hoja waliyoitoa ilikuwa ukigego. Lafaa liangaliwe lile ambalo mtungaji ameliweka pamoja. Kwa miaka yote ya utoto wake, kijana huyu alikula nao na kulala nao. Ukigego wake ulijulikana na wote. Lakini hoja ya ukigego yapata nguvu siku mali inapotaka kugawanywa. Meno yaliyoota zamani yakumbukwa leo, kwa sababu leo kuna kitu cha kukosa au kupata.

Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba hapa mtungaji ataka kusema kuwa jamaa walikuwa waongo, na kwamba hofu yao ilikuwa kisingizio tu. Kitabu hakisemi hivyo, na ndiyo sababu ya ubora wake. Yawezekana kabisa kwamba jamaa waliogopa kweli. Watu waliofiwa huwa na haja ya sababu, na kigego alikuwapo. Hofu na tamaa hazikuja kwa njia mbili tofauti. Zilikuja pamoja, kila moja ikimpa mwenzake maneno ya kusema. Tamaa peke yake ingeona haya mbele ya wazee. Hofu ilipoisimamia, ikapata heshima ya desturi.

Mbegha aliondoka Ngulu akaenda Kilindi, na hapo kisa kile chajirudia kwa sura nyingine. Mwana wa mtawala wa mahali pale akawa rafiki yake, akafuatana naye kuwinda, akauawa na nguruwe wa mwitu. Kifo hicho ni ajali ya mawindo ambayo mwindaji ye yote angeielewa. Lakini Mbegha hakungoja kuhukumiwa. Alikimbia na vijana waliokuwa pamoja naye, kwa maana alijua jinsi ajali inavyosomwa inapompata mwana wa mtawala karibu na mgeni mwenye dawa. Kule Ngulu hofu ilikuwa ya jamaa zake. Sasa imekuwa yake mwenyewe. Amejifunza kujiona kwa macho ya wale wanaomwogopa. Na jina la Kilindi, mahali alipokaa kidogo na kupakimbia usiku, likawa ndilo jina la ukoo wake wote. Katika kitabu kinachohusu hofu, hilo si jambo dogo: ukoo wa watawala wabeba jina la mahali ambapo baba yao alishindwa kukaa.

Sehemu inayofuata ndiyo kitovu cha masimulizi. Mbegha apanda katika milima ya Usambara akiwa hana ndugu, hana shamba, na ana sifa mbaya nyuma yake. Vitu alivyo navyo ni vilevile: mikuki, mbwa, uganga wa kuwindia. Hapana kilichobadilika katika vitu hivyo. Kwa hesabu ya wale wanaosema kwamba nguvu ya kudhuru hukaa ndani ya kitu, ilitazamiwa maafa yamfuate Usambara kama yalivyomfuata Ngulu na Kilindi. Kilichotokea ni kinyume. Watu wa Zirai waliuona moshi wa kambi yake, wakamwendea, naye akawapa nyama. Wao wakampa vyakula vya shambani. Sifa zake zikaenea. Katika Bumbuli akapewa mke. Hata mwisho wazee wa Vugha, Turi akiwa kiongozi wao, wakamwita aje kwao awatawale.

Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, ameonyesha jinsi kubadilishana nyama kwa vyakula vya mashamba kulivyo jambo la msingi katika kisa hiki: mtu wa porini aingizwa katika nchi ya watu wa migomba. Yafaa kuongeza kwamba mabadilishano hayo ndiyo pia yanayoiondoa hofu. Kule Ngulu Mbegha alinyimwa fungu. Hapa apewa fungu, naye atoa lake. Dawa ileile iliyotisha mkononi mwa mtu aliyedhulumiwa yawa baraka mkononi mwa mtu aliyeshirikishwa. Waswahili wana methali isemayo, mchawi mpe mwana akulelee. Kwa kawaida yachukuliwa kama ushauri wa ujanja, lakini ndani yake mna fikira nzito: unayemwogopa usimfukuze wala usimnyang'anye, mpe kitu kitakachomfunga nawe. Watu wa Bumbuli walifanya hivyo hasa. Walimwoza binti yao mtu ambaye jamaa zake walimkimbia.

Baada ya hapo yaja habari ya simba. Katika safari ya kwenda Vugha, usiku, Mbegha akamwua simba, na watu wakaona kwamba mtu huyu naye ni simba. Jina la Simba likawa jina la enzi katika Vugha, na ngozi ya mnyama yule haikutupwa: yaunganishwa na kuzaliwa kwa mwana atakayeurithi utawala. Hapa kitabu chatuonyesha kitu cha kutisha kinavyotengenezwa mbele ya macho ya watu wote. Ngozi ya simba siku ya kwanza ni ngozi tu. Yapata nguvu kwa sababu kundi la watu waliliona tendo, wakakubaliana juu ya maana yake, na kuwasimulia wengine. Kigego na ngozi ya simba ni vitu viwili vya namna moja: kila kimoja ni dalili iliyosomwa na watu. Tofauti ni kwamba dalili ya kwanza ilisomwa na watu waliotaka kumtoa Mbegha, na ya pili ilisomwa na watu waliotaka kumwingiza.

Tangu hapo uganga wa Mbegha wawa uganga wa nchi. Washambaa waliamini kwamba mvua na njaa zimo mkononi mwa mtawala. Katika Kishambaa kuna maneno mawili yanayokabiliana, ambayo Feierman aliyaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1990: kuzifya shi, yaani kuitengeneza au kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Maana ya maneno hayo kwa swali la hapa ni kubwa. Mwenye uwezo wa kuiponya nchi ndiye mwenye uwezo wa kuiharibu. Hapana dawa mbili. Watawala wakishindana, nguvu kwa nguvu, mvua hukosekana na watu hufa njaa. Mmoja akiwa juu ya wote, akapokea kodi yao, naye akawapa mvua na amani, nchi hupona. Hivyo dawa ya mvua haikuwa kitu cha kuogopwa au cha kupendwa kwa nafsi yake. Ilikuwa kipimo cha makubaliano kati ya mtawala na watu.

Makubaliano hayo yalifikia kilele wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa miaka mingi hata alipokufa mwaka 1862. Wageni kadha wa Ulaya walifika Vugha wakati wake. Johann Ludwig Krapf alikwenda mwaka 1848 na tena 1852. Richard Burton na John Hanning Speke walikwenda mwaka 1857. Kimweri alikuwa mzee sana wakati huo, na katika maelezo ya Burton twamkuta mfalme akitumaini kupata kwa mgeni dawa ya kumrudishia nguvu za ujana. Msomaji wa Habari za Wakilindi hawezi kuipita habari hiyo bila kusimama. Mtu ambaye watu wake waliamini ana mvua mkononi alimwendea msafiri kwa ajili ya dawa. Mganga hajigangi, wasema Waswahili. Lakini jambo hilo laonyesha pia kwamba mwenye vitu vya kuogopwa hakuviona vitu vyake kama wengine walivyoviona. Kwa watu wa bondeni dawa za Vugha zilikuwa tisho. Kwa Kimweri mwenyewe zilikuwa kazi, nazo zilikuwa na mpaka.

Baada ya mwaka 1862 kitabu chabadilika sauti. Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, alirithi Vugha. Semboja, aliyekuwa Mazinde chini ya mlima, karibu na njia ya misafara, alipata bunduki na baruti, akamshinda. Biashara ya watumwa ilikuwa imeingia. Wakilindi, ambao babu yao alipokewa kwa sababu aligawa nyama, sasa waliwakamata watu wao wenyewe na kuwauza. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei wakaasi katika vita vilivyoitwa Kiva, na Wakilindi wengi wakauawa au wakafukuzwa. Hapo duara la kitabu lafungwa. Mwana wa Ngulu alifukuzwa kwa kuwa alihesabiwa kuwa hatari kwa ukoo. Wajukuu wake wafukuzwa kwa kuwa wamekuwa hatari kwa nchi. Nguvu yao ni ileile. Kilichokwisha ni ugawaji.

Kwa sababu hiyo, hasara ni kubwa kisa cha Mbegha kinapokatwa na kusomwa peke yake. Alice Werner alikitia katika kitabu chake cha hekaya na ngano za Wabantu kilichotoka mwaka 1933, na kwa kufanya hivyo alikipa wasomaji wengi ambao wasingekipata kamwe. Hata hivyo, jina la kitabu kile lilikwisha kuamua jinsi kisa kitakavyosomwa. Likiwekwa miongoni mwa ngano, jino la kigego lawa ajabu ya kale, kama zimwi au mnyama asemaye. Msomaji afurahi kwamba kijana aliyedharauliwa amekuwa mfalme, kisha afunga kitabu. Haulizi yaliyowapata wale waliotawaliwa. Abdallah bin Hemedi hakuandika ngano yenye mwisho mwema. Aliandika habari ndefu ambayo mwisho wake wamtaka msomaji arudi mwanzo na kuusoma upya.

Sifa hizo zisifiche upungufu wa kitabu. Kwanza, mtungaji alikuwa mtumishi wa ukoo anaousimulia, hasa wa tawi la Semboja. Mara nyingi nguvu ya Wakilindi yaelezwa kutoka ndani ya baraza lao, na mkulima wa Zirai au wa Mlalo, aliyeingoja mvua, hasemi sana. Pili, mama wa kigego hana nafasi. Uamuzi wa kumlea mtoto aliyepaswa kufa ulipitia mikononi mwake, kwa maana ndiye aliyeliona jino kwanza. Lakini kitabu chataka kufika kwa mwindaji, nacho chamwacha upesi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kisa cha kigego mmoja aliyeokoka chaweza kumsahaulisha msomaji wale wasiookoka. Mbegha ana kitabu. Wale waliotupwa porini hawana hata jina. Ushujaa wake waweza hata kusomwa kana kwamba ulithibitisha imani ile: jamaa walisema ana nguvu ya ajabu, na kweli alikuwa nayo. Msomaji wa namna hiyo atatoka akiamini kwamba kosa la watu wa Ngulu lilikuwa kutomtumia kigego wao, wala hataona kosa katika kumhukumu mtoto kwa jino.

Kuupima vizuri zaidi uzito wa kazi hii, yafaa kuiweka kando ya kitabu cha Kiswahili cha karne iliyofuata. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya uandishi, nacho chahusu mahali panapoogopwa. Mtu akutwa ameuawa penye mzimu katika kisiwa cha Unguja; watu wa pale wana maelezo yao tayari, naye Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ayatenga maelezo hayo kando na kumtafuta mtu aliyetenda. Vitabu hivi viwili vyakubaliana katika jambo moja: nyuma ya hofu ya kitu kuna watu na mambo yao. Lakini njia zao ni tofauti. Muhammad Said Abdulla aivua hofu nguo yake mbele ya msomaji, na kitabu kinapokwisha mzimu umebaki mawe na kichaka. Abdallah bin Hemedi haivui. Aweka uganga na ugomvi bega kwa bega, wala hamwambii msomaji kimoja ni kweli na kingine ni uongo. Kwa msomaji apendaye fumbo litatuliwe, hiyo yaweza kuonekana kasoro. Lakini yaelekea Abdallah alikuwa karibu zaidi na hofu ilivyo. Fumbo la mauaji likitatuliwa, mtu mmoja hufungwa. Hofu ya kigego haitatuliwi kwa kumfunga mtu mmoja, kwa kuwa nyumba nzima ilishiriki kuitengeneza.

Jambo hilo laonekana hata katika sheria. Mwaka 1926 serikali ya Waingereza ilimrudisha Kinyashi, aliyekuwa ametawala Vugha zamani za Wajerumani kuanzia mwaka 1895, awe tena mtawala wa Usambara; Kinyashi alikuwa mtu wa dawa za mvua kama babu zake. Miaka miwili baadaye ikatoka Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ilifanya kuwa kosa mtu kuwa na kifaa cha uchawi. Sheria ilipotaka kueleza kifaa hicho ni kitu gani, haikuweza kutaja umbo lake wala mti unaokifanya. Ilibidi iseme kwamba ni kitu ambacho kwa kawaida watu hukiamini kuwa na uwezo wa kudhuru, au wa kumtia mtu hofu, au wa kuleta mambo ya maumbile kwa njia isiyo ya kawaida. Kwa maneno hayo dawa ya mvua iliyompa Kinyashi haki ya kuitwa mtawala iliingia pia katika mlango wa jinai. Wanasheria walikutana na shida ileile iliyo katika lugha. Walikitafuta kitu, wakapata imani ya majirani.

Swali la kigego halikwisha pamoja na ufalme wa Vugha. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Tanzania ilitikiswa na habari za watu wenye ualbino kushambuliwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu viungo vyao vilidhaniwa kuwa dawa ya utajiri. Serikali ilitangaza kuwazuia waganga wa kienyeji mwaka 2009, na tena mwaka 2015. Mikoa ile i mbali na Usambara, na imani yenyewe ni nyingine: kigego aliogopwa kuwa ataleta hasara, na mwenye ualbino amewindwa kwa kudhaniwa kwamba ataleta faida. Lakini hatua ya kwanza ni ileile. Mwili wa mtu wasomwa kama kitu cha uganga, na anayeusoma ana mali anayoitaka. Msomaji aliyejifunza kwa Abdallah bin Hemedi kuangalia siku ambayo jino lakumbukwa, ataangalia hapa pia ni nani anayenunua, wala hatatosheka na hotuba juu ya ujinga wa wanavijiji.

Hii ndiyo sababu Habari za Wakilindi chastahili kusomwa kama kazi ya fasihi na ya fikira, zaidi ya kuwa ghala ya majina na mila. Mtungaji wake hakuwacheka walioogopa, wala hakuogopa pamoja nao. Alifuata vitu vilevile, yaani mikuki, dawa na ngozi, kutoka mkono hadi mkono kwa vizazi kadha, akaonyesha jinsi vilivyobadilika maana kila watu walipobadilisha mwenendo wao kwa wao. Wahariri wa siku zijazo wangefanya vema kuyaacha maneno ya uganga katika wingi wake, na kuyaeleza kila moja kwa kazi yake. Na mwalimu atakayekitumia darasani asianze na orodha ya wafalme. Aanze na baraza la Ngulu, siku jamaa walipoketi kugawana mali, na mmoja wao akakumbuka meno ya mtoto.